Kibanio cha Nywele

Msinipigie makofi, mimi si profesa.
Nilikuwa mfagizi wa usiku, Edinburgh, mwaka sabini na mbili,
chumba kilichonuka grisi na biskuti za jana.
Mkutubi kaniomba niwaeleze hii akili mnemba
kwa sababu, kasema, Bi Ishbel aliiona ingali inatambaa.

Basi, niliiona.
Mkono mmoja wa chuma umening'inia darini
kama mkono wa mtu aliyesahau alichotaka kuchukua.
Chini yake meza, na meza ndiyo iliyotembea.
Jicho moja la kamera.
Kikombe. Kigari cha mbao, vipande vipande.
Magurudumu manne yasiyo na pa kwenda.

Bwana Farquharson, kijana, soksi hazifanani,
akaniambia: "Tunaufundisha ujue kikombe ni kikombe."
Kwa njia gani?
"Kwa kanuni. Tunaandika: kina shikio, kina mdomo wa mviringo."
Mwanangu Euan alikuwa na miezi kumi na minne.
Hakuandikiwa kanuni. Vikombe alivijua kwa kuvivunja.
Nikamwambia hivyo. Akacheka, kisha akaacha kucheka,
akaandika kitu kiganjani.

Usiku mmoja nilipangusa ile meza, jambo nililokatazwa,
kibanio changu cha nywele kikadondoka kati ya magurudumu.
Asubuhi jicho likakitazama, likakitazama,
meza ikaenda mbele, ikarudi nyuma,
na mashine kubwa kama kabati tatu za nguo
haikuwa na jina la kukipa.
Siku nzima ikapotea.
Nami nusura nipoteze kibarua.

Kisha wakaja mabwana wa London na mikoba yao:
miaka yote hii, pesa zote hizi, kigari?
Mfereji wa fedha ukafungwa.
Waliokuwa wameahidi mashine itakayofikiri kama mtu
kabla watoto wao hawajaoa
wakaenda kufundisha hesabu.
Farquharson akifunga sanduku lake alinipa gurudumu moja.
Wenyewe huyaita majira ya baridi. Yalikuja mara mbili, wanasema.
Mimi mtu wa Leith; sishangazwi na baridi inayorudi.

Mnauliza iliamkaje.
Waliacha kuitungia kanuni, wakaifanya kama Euan:
wakaimwagia picha, milioni juu ya milioni,
hiki kikombe, hiki si kikombe.
Ikikosea inajirekebisha kidogo,
inakosea tena, pungufu kidogo.
Ni hesabu tu, na subira isiyo ya binadamu.
Maneno nayo ni vivyo hivyo: imesoma kupita maktaba hii na ile ya mjini,
halafu inakisia neno lifuatalo.

Na nani aliyeiandikia "hiki kikombe"?
Mpwa wangu Eilidh, kule Dundee,
miezi saba kwenye meza ya jikoni, malipo ya peni:
paka, si paka, paka, si paka.
Umleavyo ndivyo akuavyo.
Ila huyu kalelewa na wageni wengi,
na baadhi yao walikuwa na usingizi.

Kwa hiyo ikiwajibu kwa sauti ya uhakika,
ulizeni na kwingine,
kama mnavyofanya, nawajua, mkitoka kwa daktari wa mifupa.

Mwezi uliopita mjukuu wangu aliilenga simu mezani.
Nikachomoa kibanio kichwani, kile kile, nikakiweka.
"Kibanio cha nywele," ikasema papo hapo,
"huenda ni cha miaka ya sitini."
Nikakaa kimya kidogo. Nusu karne,
na mimi ningewaambia bure.

Nikaenda kabatini nikaleta lile gurudumu.
Ikalitazama.
"Kifungo cha koti," ikasema, bila kusita.

Gurudumu, nikaiambia.
Babu yako alilijua.