Madini Joto

Mwezi wa pili, Gongoni.
Jua limekaa juu ya mabwawa ya chumvi
kama mdai asiye na haraka,
na mimi nasikia baridi.

Leso mbili mabegani, ya tatu kiunoni.
Wenzangu wajipepea kwa vipande vya boksi:
"Kahaso, kwani wewe uko Ulaya?"
Nacheka pia, ila kwa kuchelewa;
kicheko changu chafika
wao washarudi kwenye reki zao.

Sijui nieleze vipi.
Haikuwa huzuni. Huzuni naijua:
nilimzika baba, nikakaa matangani,
nikalia, nikanyamaza.
Hii haikuwa na maiti.
Kijiko kikianguka, nalia.
Mtoto akiniita mara mbili, jina langu
lanifikia kama la mtu wa jirani.
Nywele zabaki kwenye chanuo,
siku zangu za mwezi zapotea, zarudi na hasira,
na kitanda, eh, kitanda kikaota mikono.

Mume wangu Mwaringa alisema ni uvivu.
Hakusema kwa ubaya;
alisema kama mtu anayesema mvua itanyesha.
Mavyaa akasema pepo.
Mavyaa amekula chumvi nyingi, nani wa kumbishia?
Mbuzi mweusi akaenda, kuku wawili wakamfuata,
ngoma ikalia hadi alfajiri
nami katikati, nikisinzia.

Malindi, hospitali, benchi la tatu.
Msichana wa koti jeupe, rika la mdogo wangu,
akaikazia macho shingo yangu:
"Meza mate."
Nikameza.
"Tena."
Hakuuliza nimemkosea nani.
Aliuliza, "Unakula nini?"

Sima ya muhogo. Mchicha ukiwepo.
Samaki siku ya mshahara.
"Na chumvi?"
Nikacheka, safari hii kwa wakati.
Daktari, chumvi mimi napata bure!
Naichota kazini kwa kikopo,
nyeupe kuliko kanzu ya Idi.
Akaweka kalamu chini.

Nyuma ya kadi akanichorea tezi,
kipepeo mdogo koromeoni.
Hapo, akasema, hutengenezwa homoni
za kuuwasha mwili mzima:
moyo, tumbo, nywele,
hata hamu ya kuamka.
Naye kipepeo ataka madini joto,
na chumvi ya bwawani haijatiwa.
"Wako amefura kwa kutafuta."

Damu ikapimwa. Majibu siku ya kumi.

Madini joto!
Miaka sita nimesimama ndani ya chumvi hadi vifundoni
huku nikifa njaa
kwa punje isiyoonekana.

Sasa ni kidonge alfajiri, kabla ya chai.
Ile pakiti ya dukani nilimficha mavyaa;
akaiona, na hajasema neno,
ila mchuzi wake siku hizi huutia hiyo hiyo.
Sijapona kama watu wa hadithi wanavyopona.
Ziko asubuhi kitanda bado kina mikono.
Lakini leso moja imerudi sandukuni.

Na jana, bwawa la nne, saa saba mchana,
yule mgeni, Mbeyu, haongei na mtu,
nimemwona kajifunga leso mbili.
Nikaweka reki chini.
Nikamwendea, chumvi ikilia miguuni,
wenzangu wakinitazama kama niliyerogwa upya,
nikamwambia polepole:
"Meza mate."