Wa Arobaini na Mmoja

Mkaguzi alishuka kwenye pikipiki na fomu zake,
akapangusa vumbi la Gobi kwenye nyusi,
akauliza kabla hata ya chai ya chumvi:
"Leo wamesoma nini?"

Nikamwonyesha zuliani.
Watoto saba, na mifupa ya vifundo vya kondoo
imemwagwa kama njugu.
"Naona wanacheza," akasema.
"Ndiyo," nikasema,
maana sikuwa na neno jingine.

Shule yetu ni hema, na hema letu huhama.
Majira ya joto hufuata mifugo,
hukunjwa alfajiri, likapanda lori pamoja na jiko;
ubao huwa wa mwisho kupakiwa
na wa kwanza kusahauliwa.

Temuulen alikaa pembeni. Miaka minne na nusu.
Tangu ile baridi iliyommalizia baba yake mifugo
alikuwa hajatamka neno mbele yetu.
Kwenye fomu: Lugha, bado. Kuhesabu, bado.
Mwandiko ni wangu.

Siku hiyo aliivuta mifupa mmoja mmoja,
akailaza yote, tumbo chini,
safu kwa safu,
akaifunika kwa kipande cha manyoya
nilichobakiza nilipokata soli za viatu.
Hakulia. Alifanya kazi kama mtu mzima
anayejua kwamba ardhi imeganda
na hapachimbiki.

Anujin akaja, kamasi puani,
akachuchumaa, akafunua pembe ya manyoya.
"Wamelala?"
Kimya.
"Huyu," akasema, akiusimamisha mmoja kwa ubavu
(na mfupa uliosimama ubavu, kwetu, ni farasi),
"huyu amechelewa tu kuamka."

Temuulen akaulaza.
Anujin akausimamisha.
Akaulaza.
Akausimamisha.
Birika likafurika, chai ikalia juu ya jiko,
nami sikusogea,
wala mkaguzi hakusogea, kalamu iko mdomoni.

Ndipo mtoto akaunyakua ule mfupa,
akaugongesha mbao za kitanda, tak, tak, mwendo wa kwato,
akasema kwa sauti iliyokwaruza
kama bawaba isiyofunguliwa msimu mzima:
"Arobaini walikufa.
Huyu wa arobaini na mmoja
alikuwa kwa mjomba."

Mkaguzi akatafuta kisanduku.
Kipo cha Kuhesabu Hadi Kumi.
Kipo cha Kutambua Rangi.
Akaigeuza karatasi, akatazama nyuma yake,
peupe,
kama vile mtu angeweza kuwa amemwandikia huko
mahali pa kumweka mjomba.

"Nani kamfundisha?" akaniuliza, chini chini.
Nikammiminia chai iliyosalia, nusu bakuli, ina majivu.
Ningemjibu nini? Mimi nilikuwa nimeshika birika.

Na zuliani Anujin, ambaye hakuona ajabu yoyote,
alikuwa amekwisha kuuelekeza mfupa wa pili,
anauliza kwa haraka ya mtu mwenye shughuli:
"Huyo mjomba wako,
ana ngamia?"