Sakafu ya Mabogini

Siku ya sita hatukupanda baiskeli.
Tuliziegemeza kwenye ua wa michongoma,
kumi na nne, kamba moja, kama mbuzi wa mnada,
na miguu iliyotoka Babati ikizunguka
haikujua ifanye nini na ardhi iliyotulia.
Nilisimama wima, magoti bado yanapanda Monduli.

Fundi Aikande alitutazama viatu kabla ya nyuso.
Viatu vyetu vina chuma chini, vinagonga kama kwato.
"Vueni. Zege halitaki ngoma."
Akatumwagia gunia la mabuti ya mpira,
mengi ya kushoto.

Kazi: sakafu ya chumba cha wazazi,
mita sita kwa nne, zahanati pembeni ya majaruba ya mpunga.
Mfuko mmoja wa saruji, karai nne za mchanga, sita za kokoto,
maji kwa jicho la Aikande, si kwa kipimo chetu.
Mimi ni karani wa ardhi.
Nimegawa viwanja elfu moja na ushee kwa rula na wino,
na hakuna hata kimoja kilichowahi kuniuma kiuno.

Gwamaka, anayetuacha kila mwinuko
na kutusubiri kileleni akila ndizi,
karai ya tisa ilimkalisha chini.
Akatazama viganja vyake kama mtu aliyeletewa bili ya jirani.
Sekunda, wetu wa mwisho siku zote,
tunayemngoja kila daraja mpaka jasho linakauka,
alishika koleo akageuza zege
kama anayesonga ugali wa matanga:
bila haraka, bila kuinua kichwa,
na hakuna aliyethubutu kumwambia apumzike.

Mchana walituletea kiburu kwenye beseni.
Tulikula tumesimama.
Kukaa kungekuwa kulala.

Saa kumi sakafu ilikuwa imelala, kijivu, inang'aa,
na mmoja wetu (sitamtaja, ila ndiye mwenye filimbi)
akaokota msumari.
Pale kwenye kona tu, akasema. Majina yetu. Tarehe.
Babati mpaka Tanga.

Aikande alikuwa ananawa. Hakugeuka.
"Hapo patamwagika maji na damu, usiku na mchana.
Mnataka vituame kwenye majina yenu?"

Msumari ukarudi mfukoni.
Kuku mmoja, ambaye hakusikia mazungumzo,
akakatiza sakafu toka mlango mpaka dirisha.
Aikande alitandika ubao, akapiga magoti,
akafuta nyayo moja baada ya nyingine
kwa mwiko uleule, kwa uso uleule.

Usiku, kwenye mkeka wa shule ya jirani,
nilimsikia Gwamaka gizani akijipaka mafuta viganjani.
"Karani," alininong'oneza, "kesho niache nyuma na Sekunda."

Zege hunyweshwa siku saba. Hilo nilikuwa silijui.
Nilidhani kikikauka kimekwisha.
Kumbe Aikande angebaki na ndoo kila alfajiri,
sisi tukiondoka Mwanga, tukiondoka Same
upepo ukitusukuma ubavuni kama mdai,
Hedaru, Mombo, mkonge pande zote mbili,
na kila nilipofungua chupa ya kwanza
nilijua huko nako kuna kitu kinakunywa.

Saruji ilikaa chini ya kucha ya dole gumba.
Sabuni ilishindwa. Korogwe nilijaribu pini,
kisha nikaacha.

Muheza, mvua nyembamba, tunaziba pancha ya Sekunda,
simu ikalia mfukoni mwa jezi.
Ujumbe, bila salamu:
"Imeshika. Haina ufa.
Soksi yako ulisahau. Nimefutia mwiko."