Kalamu Nyekundu ya Mwalimu Velta

Mchana alikuwa mali ya wizara:
chaki, ratiba, daftari la mahudhurio,
na ndoo ya viazi vya kumenywa
siku mpishi alipougua.
Usiku alikuwa mali yake mwenyewe,
yake na ya yule paka asiye na mkia.
Taa ya jikoni kwake, juu ya posta,
ndiyo iliyozimwa mwisho katika mji wetu mdogo wa Latvia.
Sisi wa ng'ambo ya mto tuliiona ikiwaka juu ya theluji.
Mama akisema, "Mwalimu Velta anasahihisha."

Hakuwa akisahihisha. Alikuwa akituiba.

Aliiba kigugumizi cha Dzidra akampa kunguru.
Aliiba ugomvi wa mapacha wa kinu
akaufanya vita vya falme mbili juu ya kijiko.
Hata buti za mwalimu mkuu hazikupona,
zile zilizolia sakafuni
kama bata aliyekanyagwa:
tulizikuta kwenye sura ya tatu, zimevaliwa na jitu.

Vitabu vilikuja Jumanne na lori la mkate,
vimefungwa kamba, vinanukia shayiri na wino.
Nakala mia sita, basi.
"Lugha yetu ikikohoa," alituambia,
"dunia haigeuzi hata shingo.
Kwa hiyo tuipe hadithi, ipate usingizi."

Nilikuwa darasa la nne nilipojikuta.
Kalunguyeye mmoja, masikio yangu haya haya,
kamba ya kiatu ikiburuta matopeni,
na baba aliyekwenda nchi ya mvua kuchuma uyoga.
Nilisoma chini ya blanketi, tochi mdomoni.
Ukurasa wa thelathini na moja
baba kalunguyeye akafungua mlango,
ufunguo ule ule mfukoni,
akauliza kama supu imebaki.

Baba yangu alikuwa Ayalandi,
ndani ya banda lisilo na dirisha,
akichuma uyoga ambao haujawahi kuona msitu.
Kwanza zilikuja pesa, kisha kadi,
kisha kadi yenye jina la mwanamke
ambalo mama alilisoma mara moja tu.

Nikakipeleka kitabu mezani kwake wenzangu walipotoka.
Theluji ya kofia yangu ikidondokea jalada.
"Umesema uongo," nikamwambia.
Nilisubiri ile sababu ambayo watu wazima
huiweka tayari, kama chenji.
Akavua miwani. Akasugua pua.
Kuni zikaporomoka ndani ya meko, naye bado kimya.
Kisha akanipa kalamu nyekundu,
ile ile iliyotutia tumbo joto kila Ijumaa.
"Sahihisha."

Mkono ulitetemeka, sikatai.
Nilikata mlango, nikakata ufunguo, nikakata supu.
Pembeni nikaandika:
*Baba hakurudi. Kalunguyeye alijifunga kamba ya kiatu menyewe.*
Akasoma. Akasoma tena.
Akaichukua kalamu, akaongeza *w* iliyokosekana
(hakuweza kujizuia, maskini),
akakifungia kitabu kwenye saraka.

Chapa ya pili ilitoka baada ya miaka miwili.
Ukurasa wa thelathini na moja: sentensi zangu,
peke yake katikati ya weupe wote ule.
Wazazi walikuja juu. Wapo walioandikia wilaya.
"Watoto wamelia!" walisema.
"Watoto gani?" akauliza.
Wakataja majina.
Yeye akahesabu kwa vidole, akatikisa kichwa:
"Hao wote baba zao wako nyumbani.
Wale wengine waliomba niwasomee tena."

Siku hizi lile lori la mkate naliendesha mimi.
Barabara ikiganda nafika saa moja, wakati mwingine saa mbili,
na kwenye foleni ya duka wananinunia.
Wanune.
Juu ya posta taa inawaka.
Likiwepo boksi la Mwalimu Velta,
nalishusha kwanza, mkate baadaye.