Agosti Kwenye Duka la Kujalidi

Wanafunzi wameondoka na kelele zao.
Coimbra imebaki na njiwa,
na mawe yanayotema joto hadi usiku wa manane,
na mimi, Deolinda, nyuma ya kaunta,
nikihesabu nzi. Leo wanne.
Jana walikuwa sita. Hata nzi wanakwenda likizo.

Juni sikupata nafasi ya kukaa:
tasnifu juu ya tasnifu, gundi hadi kwenye nyusi,
vijana wakinililia, "Dona Deolinda, kesho saa tatu,
tafadhali, na herufi za dhahabu,"
nami nikiwaambia dhahabu haiharakishwi.
Sasa mashine ya kunakili imelala mdomo wazi.
Jirani yangu Amílcar, muuza miwani,
kabandika karatasi mlangoni: TUTARUDI SEPTEMBA.
Ananipungia mkono, taulo begani.
"Funga, mama. Utamjalidia nani? Njiwa?"

Sikufunga.
Mwenye nyumba hajui Agosti, anajua tarehe tano.

Nikaifungua mashine ya kukatia karatasi,
nikakinoa kisu chake mpaka kikapasua unywele.
Nikapaka mlango rangi ya kijani
iliyobaki kwenye kopo tangu mume wangu yu hai;
juu imeganda, chini bado mbichi.
Kisha nikafungua daftari la madeni.
Heri ningepaka mlango mara ya pili.
Wakili Seabra: mwaka mzima na miezi miwili.
Nikampigia, sauti nimeitia sukari.
Alikuwa ufukweni, nilisikia watoto na maji.
Hundi, akasema, imo njiani.
Imo njiani tangu Pasaka.
Labda inakwenda Fátima kwa magoti.

Mtaka cha mvunguni, basi, nikainama
chini ya kaunta, na fagio, na kiuno changu kibovu.
Mle mlikuwa na kazi tisa zisizochukuliwa.
Ya chini kabisa ya kitambaa chekundu:
*Nyuki Baada ya Moto Katika Msitu wa Misonobari.*
Telmo Vilarinho. Miaka sita.
Euro kumi na nane, hazijalipwa.
Nikamkumbuka: kijana mrefu, aliyezigusa herufi
kama mtu anayepima pasi kwa kidole,
akasema, "Narudi jioni."

Nambari ilikuwepo. Iliita, ikaita.
Akapokea mwanamke, nyuma yake kuku na redio.
"Telmo yuko Luksemburgi, anapaka nyumba za watu rangi.
Alituambia alifeli."
Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikamsomea:
*Kwa mama yangu, aliyeuza mizinga miwili.*
Redio ikazimwa.
Waliobaki kuzungumza ni kuku.

Sijui alichofeli ni nini:
chuo, au mimi na euro zangu kumi na nane.
Swali hilo sijaliandika kwenye daftari,
halina safu yake.

Akaja Ijumaa kwa basi la saa nne,
gauni jeusi, kikapu, jasho.
Akaweka asali mitungi miwili juu ya kaunta.
Nilitaka kusema chukua tu, mama, nenda nayo.
Ulimi ukakataa, na sura yake ilikwisha kukataa kabla.
Nikapokea mtungi mmoja, nikaandika: *Imelipwa.*
Akaipapasa tasnifu uti wa mgongo,
akaukaza uzi kwa ukucha, akaulegeza.
"Huu mshono ni wa mkono?"
"Wa mkono."
"Vitabu vya ubatizo kanisani kwetu vinaliwa na nondo.
Padri anamtafuta mtu tangu msimu wa zeituni."

Vilifika kumi na vinne, ndani ya magunia ya viazi.
Wafu wa karne mbili, majina yao yamelowa,
nawashona ukurasa kwa ukurasa, dirisha wazi,
jua likiwa limekaa barabarani kama mdai.
Chai naitia asali ya misonobari iliyoungua;
ina uchungu kidogo mwishoni. Nimeizoea.

Nzi wamerudi.
Leo nimehesabu kumi na mmoja.