Kufuli la Saba

Oulu, Februari. Kiwanda cha karatasi kimenyamaza
na kimya chake hakiaminiki.
Umeme tumeukata, mvuke tumeutoa,
lakini rola la tani thelathini lingali linaning'inia,
na kitu kizito hakisahau njia ya chini.
Tukalikingia gogo la chuma.

Kisha Aune akabonyeza kitufe cha kuwashia
kama mtu amwitaye mbwa mkali
huku akiomba asije.
Hakuja.

Tulikuwa saba. Makufuli saba mekundu kwenye swichi kuu,
kila moja na jina lake,
kila ufunguo mfukoni mwa mwenyewe.

Saa kumi jioni, sita yamekwisha funguliwa.
Limebaki moja: VEIKKO.

Tulimwita. Tukamulika tochi
kila tundu ambamo mwili waweza kupenya.
Meneja akaja na saa yake, akataja hasara kwa dakika.
Mkasi wa kukatia chuma ulikuwa pale pale ukutani.
Aune akasimama mbele yake, mikono nyuma,
asiseme neno.

Veikko alikuwa kwake, anakoroga supu.
Ufunguo ulikuwa kwenye suruali aliyoitundika sauna.
Kilomita hamsini za theluji, usiku,
akarudi na kandambili za nyumbani,
uso umemwiva kwa haya.

Kufuli likalia, tak.

Hatukumcheka. Mimi nilimpa mkono,
nikakawia kuuachia:
vidole vitano,
nilivihesabu bila yeye kujua.