Kifumbu

Tendegu moja tu lilinusurika na mchwa,
la miguuni, upande wa ukutani.
Matatu yalinivunjikia mkononi kama mkate wa juzi.
Samadari ya bibi, Makorora:
wajomba watano walizaliwa juu yake,
na mmoja hakuamka.
Nikalitoboa kwa keekee, taratibu, juu hadi chini,
waya ukalala mle ndani.

Kamba alinipa mzee Sekibaha,
miaka ishirini na sita korona, Ngomeni.
"Isokote mwenyewe," akasema,
"vidole vyangu vilishafunga hesabu."
Mkonge ukanichana. Nikasokota.
Nikaizungusha shingoni mwa tendegu, penye ufa.

Kikabaki kichwa.
Barabara ya Nane wanauza vya plastiki,
vyeupe, vina maua, elfu kumi na mbili.
Nilikishika kimoja, nikakirudisha,
nikaenda jikoni kwetu.

Kifumbu kilikuwa kwenye msumari wake,
kikavu, kimejikunja kama sikio.
Tangu blenda iingie humu
hakuna aliyekikamua.
Ukingoni miyaa imeingia weusi,
pale palipokaa vidole gumba vyake.

"Hicho? Kichwa chini?" Bi Mwanamvua akaniuliza.
"Kifumbu hutundikwa mdomo juu, wewe.
Riziki itamwagika."
Nikasema, bibi, taa haina mdomo.
Hakucheka.
Akatoka uani kuanua kanga zake.

Baada ya magharibi nikawasha.
Balbu ya zamani, ya nyuzi, ile inayokula yuniti.
Ukuta wa chokaa ukajaa chembe,
sakafu ikajaa, miguu yangu ikajaa,
kama mtu amepepeta nuru chumbani
akasahau kufagia.
Kisha joto likapanda kwenye miyaa
na harufu ikaamka:
nazi ya miaka, imechacha kidogo,
ya futari, ya wali wa misiba,
ya Jumapili tulizokuwa na samaki.

Sauti uani: "Nani anakuna nazi saa hizi?"

Akaingia, kanga begani, vibanio mdomoni.
Akasimama.
Akakinga kiganja chini ya kifumbu,
mwanga ukamdondokea,
akautazama kwa muda, akakigeuza kiganja,
akautazama na mgongoni.

"Kasimile," akasema.
Halafu, akiwa ameshageuka mlangoni:
"Zima. Utamaliza umeme wa watu.
La pili tutalikamua kesho."